Miguu Ukutani

Msusi wetu tulimwita Mama Soksi, kwa sababu hata jua liwe kali vipi, miguu yake ilikuwa ndani ya soksi nene za kubana zilizofika magotini. Kusimama miaka nenda rudi nyuma ya vichwa vya watu kulimvimbisha mishipa ya miguu, na daktari alimwambia hakuna haja ya kupasuliwa: avae soksi, atembee, na ainue miguu kila apatapo nafasi. Nafasi aliitafuta kwa nguvu. Alikuwa anakuacha kichwa kimesukwa nusu, analala chali mkekani, visigino ukutani, na umbeya unaendelea palepale ulipoishia. Ukimharakisha, anakujibu kutoka sakafuni, "Mwanangu, nywele hazikimbii." Ukuta ule ulikuwa na madoa mawili meusi ya visigino vyake.

Siku ya harusi yangu alinisuka yeye. Tukiwa katikati, gari la kunichukua likapiga honi nje, nikaanza kuinuka. Akaweka kitana chini, akalala. Nikadhani miguu imemzidi. "Njoo," akasema, akijisogeza kando. Nikalala na nywele zangu nusu, visigino vyangu kando ya vyake. Alikunja na kukunjua vidole vya miguu, taratibu, kisha akacheka: "Waache wapige. Kwani wataoana bila wewe?"

Siku hizi nafundisha nimesimama kutwa nzima, na soksi ninazo. Jioni nikiinua miguu ukutani, najikuta nimejisogeza kando, nimemwachia Mama Soksi nafasi.