Kipimo Nilichomfanyia Mtoto wa Wifi

Nikiwasimulia hii naomba msinicheke sana, maana mpaka leo nikikutana na watu wa mtaani kwetu Ruanda nainamisha kichwa.

Wifi yangu Neema anaishi na VVU, siri aliyonieleza mimi tu na kaka yangu, mumewe. Dawa alimeza bila kukosa, akajifungua salama, na mtoto alipofikisha wiki sita akatolewa damu kisiginoni, tukawa tunasubiri majibu. Mimi sasa na kimbelembele changu (niliwahi kuuza kwenye duka la dawa Tunduma miezi mitatu, basi nikajiona nusu daktari) nikanunua kile kipimo cha mate cha kujipima nyumbani, nikaenda nacho kwenye sherehe ya kumshukuru Mungu kwa mtoto, ukoo mzima uko uani unamenya ndizi, nikajifungia chumbani na mtoto, nikampitishia kijiti kwenye fizi.

Mistari miwili.

Mwenye akili angenyamaza. Mimi nilitoka mbio, mtoto mkononi, napiga kelele, "Neema, umemwambukiza! Ana virusi kama wewe!"

Visu vikasimama. Mama yangu akauliza polepole, "Kama yeye, kivipi?"

Neema alinipokonya mtoto, akaingia ndani.

Kaka akaita bodaboda mbili, tukaenda zahanati. Nesi akakitazama kile kijiti, akanitazama na mimi.

"Dada, hiki kinaonyesha kingamwili, hakionyeshi kirusi. Kingamwili za mama zinapita kwa mtoto tangu tumboni, zinaweza kukaa naye hata mwaka na zaidi. Ndiyo maana tulichukua damu, kutafuta kirusi chenyewe. Nani alikutuma umpime?"

Nikasema, "Hakuna."

Wiki iliyofuata majibu yakaja: mtoto hana maambukizi. Na alipoacha kunyonya wakampima tena, mzima kabisa. Lakini nyumbani nani aliuliza habari za mtoto? Mashangazi walishaanza kumtengea Neema kikombe chake, mpaka kaka akaamua wahamie Mkwajuni.

Niliwafuata kuomba radhi. Neema alinipikia chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila walioambiwa siku ile, utawaambia nini wasahau?"

Nimeapa siri ya mtu sitaigusa tena, hata kwa nia njema, maana nia yangu siku ile ilikuwa njema kweli, na aliyehama ni yeye.