Siku Tisa za Mvua

Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya Kicukiro, kando ya muuguzi mstaafu. Alikuwa akinisimulia raha yake ya sasa. Kila asubuhi husoma kituo kidogo cha hali ya hewa alichofunga uani kwake kilimani Rebero, huandika daftarini, kisha huteremka bondeni kutazama ndege aina ya korongo kwenye kinamasi.

Mwanamume aliyekuwa mbele yetu akageuka.

"Mama, ni wewe unapima mvua? Naomba unitazamie siku moja." Akaitaja tarehe. "Siku hiyo ukuta niliojenga mwenyewe ulimwangukia mke wangu, akafa. Majirani wanasema mvua ilikuwa ndogo tu, kosa ni langu."

Mama akatoa daftari mkobani, akafunua polepole.

"Milimita sita. Kweli, ilikuwa ndogo."

Mwanamume akainamisha kichwa. Lakini mama hakufunga daftari. Alirudi ukurasa wa nyuma, akapitisha kidole mstari kwa mstari.

"Tazama, mwanangu. Kabla ya hapo ilinyesha siku tisa mfululizo. Udongo ulikuwa umeshiba maji. Hata njia yangu ya bondeni iliporomoka."

Mwanamume akazihesabu zile siku kwa sauti, moja hadi tisa, kisha akazihesabu tena. "Asante, Mama," akasema, akapangusa macho kwa kiganja.

Wapo wanaomcheka mama huyu kwamba anapima mvua ambayo Mungu amekwisha kuimwaga. Labda ningecheka nao. Ila majirani wale walimhukumu mtu kwa mvua ya siku moja, na hakuna aliyejisumbua kukumbuka zile nyingine.