Taa za Ukungu kwenye Gari la Mbolea

Yule mkuu wa magari nilimchukia tangu siku ya kwanza, aliponisalimia kwa Kiingereza. Alikuwa ameshanisikia nikiongea Kiswahili na mke wangu mlangoni pa ofisi, pale Garhoud, Dubai, na yeye mwenyewe ni Mswahili. Babu yake alitoka Unguja, yeye kazaliwa Baraha, hapa hapa mjini, na bibi yake, nilikuja kuambiwa, hakuwahi kujifunza lugha nyingine ya kumgombezea. Lakini kwetu madereva alitaka kuitwa "sir". Kiswahili alikiweka kabatini kama vyombo vya wageni, akakitoa siku ya kututukana tu. Na alikijua, bwana. Alitukana taratibu, kwa lafudhi ya kupendeza, mpaka unafika nyumbani ndipo unagundua umetukanwa.

Kampuni yetu ilikuwa inauza miti ya vyungu kwa mahoteli. Bustani yenyewe ilikuwa jangwani, mbali na mji, na mimi kazi yangu ilikuwa kupeleka huko mbolea, mabomba, vyungu vitupu, na mke wangu. Yeye alikuwa mpishi wa vibarua wa bustani. Tulipanga chumba Al Qusais, pikapu ya kampuni nikalala nayo nyumbani, na kila alfajiri tuliondoka pamoja, yeye kapakata begi lake la viungo mapajani. Hakuwaamini vibarua na iliki yake.

Pikapu ilikuwa ya daraja la chini kabisa. Ukitaka kujua gari ni la bosi au la mtumwa, katika mji huu, huna haja ya kuangalia ndani. Tazama bampa. La bosi lina taa mbili ndogo za ukungu kule chini. La mtumwa lina matundu yale yale, ila yamezibwa kwa vifuniko vya plastiki nyeusi. Kiwanda kimetengeneza nafasi ya taa, kisha kimekumbuka gari litaendeshwa na nani.

Watu hudhani jangwani hakuna ukungu. Mimi nimezaliwa Njombe, ukungu naujua, lakini ule wa kwetu unautembelea kwa miguu, ukigongana na mtu mnasalimiana. Wa huku unaujia kwa kasi ya barabara kuu. Miezi ya baridi unashuka alfajiri mzito kama uji, ukiwasha taa kubwa unajijengea ukuta mweupe mbele ya pua, ukiwasha ndogo huoni hata mstari wa pembeni. Na wenzako hawapunguzi mwendo. Wanawasha hazadi, zile indiketa zote kwa pamoja, na kukupita, kana kwamba kule kupepesa kwa taa ndiko kutawafungulia njia.

Asubuhi moja lori la maji lilikuwa limesimama kwenye njia yetu, limezima kila kitu. Nililiona lilipokuwa limeshajaa kioo kizima. Nikakata kulia, tukatoka barabarani, tukaingia mchangani, mbolea ikamwagika nyuma, na gari likazima lenyewe. Begi la viungo lilipasuka. Tulikaa ndani tukinusa mdalasini mpaka nilipowasha tena gari.

Tangu siku hiyo mke wangu alianza kufumba macho. Ukungu ukitanda tu, anashika mkanda kwa mikono miwili na kufumba macho hadi tufike. Haongei. Mwanamke aliyekuwa ananisema kuanzia Al Qusais hadi getini pa bustani, kwa nini nimeshika usukani hivi, kwa nini namfuata yule karibu, akanyamaza. Kimya kile kilinitisha kuliko lile lori. Jumapili moja akanikalisha.

"Mume wangu, mimi nimekuja huku kutafuta maisha. Sikuja kuyaacha barabarani," alisema. "Ama utafute njia ya kuona unakokwenda, ama nirudi kwa watoto. Sitaki hela ya kunizikia."

Alipokuwa hivyo hakuwa anatishia. Nilimjua.

Nikaenda Garhoud. Nilimweleza sir kwa Kiingereza changu chote kwamba naomba taa za ukungu, au ruhusa ya kuondoka jua likishachomoza. Akanisikiliza akichezea funguo zake. Halafu akafungua lile kabati lake la Kiswahili.

"Sikiliza, ndugu yangu," akasema kwa Kiswahili kile kitamu. "Chai ya vibarua haiwezi kungoja mie nikuwekee mapambo. Gari limekuja hivyo, liendeshe hivyo. Na weye si mtu wa bara? Nilidhani nyie mmezoea giza."

Kisha akanikumbusha sheria. Dereva aliyenitangulia alifunga spika kwenye gari la kampuni. Khalas, basi, alipandishwa ndege akarudishwa kwao. Kugusa gari ni kosa, hata kama umeligusa ili usife nalo.

Nilitoka pale nimefura. Nilitamani kurudi nimwambie maneno ambayo yangemfikia mpaka bibi yake. Badala yake nilikwenda kwa rafiki yangu Mganda, mlinzi wa ghala Al Qusais, ambaye kabla ya kuvaa zile sare alikuwa fundi wa waya za magari Kampala. Karibu na ghala lake ndipo watu wa kwetu wanapopakia makontena ya vipuri kupeleka Mombasa na Dar, na yeye alikuwa na wajomba wa kila kabila kwenye makontena yale.

"Sebo, bwana wangu, tutaweka za kiwandani kabisa," akaniambia. "Si zile taa za disko. Mtu akitazama, anasema gari ilizaliwa nayo."

Akaleta boksi lenye kila kitu: taa mbili, vishikio vyake, waya, rilei, fremu za plastiki, hata mkono mpya wa indiketa wenye ile ringi ya kuwashia taa za ukungu. Tulifanya kazi Ijumaa baada ya swala, kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya magereji. Tukafungua plastiki za juu ya matairi, tukang'oa vile vifuniko vyeusi, na mimi nikavitupa kwa furaha ambayo sikuwa nayo tangu nishuke uwanja wa ndege. Waya Mganda aliuzungushia utepe wa kitambaa kama wa kiwandani, akaupitisha kwenye tundu la mpira lililokuwepo, hakutoboa chochote. Taa zenyewe tukazisugua vumbi la mbolea, zisionekane ngeni.

Halafu tukafika kwenye usukani, tukasimama.

Ule mkono wa indiketa ulikuwa wa gari la usukani wa kulia. Bila shaka. Boksi lilikuwa njiani kwenda Dar, na Dar usukani uko kulia, na sisi wawili tuliokulia usukani wa kulia tulilishika, tukaligeuza, tukalisifia, wala hakuna aliyekumbuka kwamba tuko Dubai, ambako usukani uko kushoto. Miaka yote tumeendesha upande huu, lakini vichwani mwetu gari bado lilikuwa limekaa kule nyumbani. Mganda alicheka hadi akaketi mchangani. Mimi sikucheka.

"Usilie, ndugu," akasema. "Taa hazijui upande. Ni swichi tu."

Akafunga kitufe kidogo chini ya dashibodi, nyuma ya kile kishikio cha kufungulia boneti, mahali ambapo hata mwenye gari hapeleki mkono. Ukipapasa kwa goti la kushoto unakipata. Usipojua, unaweza kumiliki gari lile hadi lioze. Nikasema afadhali, siri yangu itakaa vizuri zaidi.

Ukungu wa kwanza baada ya hapo nilibonyeza kitufe bila kumwambia mke wangu. Sitadanganya kwamba ukungu ulipasuka. Mwanga ule ulilala chini, mpana, ukapita chini ya ule weupe, na mstari wa pembeni ukajitokeza, kisha matuta ya mchanga, kisha kibao. Ilitosha. Nikaendesha polepole nikiufuata ule mstari. Baada ya muda nikasikia sauti pembeni yangu.

"Sasa hapo unakumbatia usukani wa nini? Kaa vizuri."

Alikuwa amefumbua macho. Alinisema kuanzia pale hadi getini, na sijawahi kusemwa nikafurahi vile. Msimu ule uliendelea hivyo, ananisema, naendesha, na habari ya kurudi nyumbani haikutajwa tena.

Kisha sir akaja bustanini. Hakuwa na desturi hiyo, lakini siku hiyo alikuwa amemleta mteja kuchagua mitende. Alipita kando ya pikapu yangu, akasimama, akarudi nyuma hatua kadhaa. Aliinama akatazama bampa la mbele, akagusa taa moja kwa kidole, akalifuta lile vumbi letu la mbolea.

"Hii kumbe ni fulu?" akauliza. Hakuniuliza mimi, aliiuliza pikapu. Fulu ni gari lililotoka kiwandani na kila kitu.

Nilikuwa nimeandaa kila jibu isipokuwa la swali hilo. Ombi langu la taa lilikuwa limeshamtoka kichwani.

"Miaka yote hii nimekupa gari la fulu, unabebea mavi ya ng'ombe," akasema, safari hii kwangu. "Na mie naendesha lile bovu. Makosa yangu hayo. Yalla, lete funguo."

Alinipa funguo za pikapu yake kuukuu hapo hapo, mbele ya mteja na vibarua. Nilitazama bampa lake. Plastiki nyeusi, mbili. Alimwita mtumishi wa ofisi kwa simu akamwambia gari lioshwe ndani na nje likifika, linanuka watu.

Sasa jiweke mahali pangu. Ningesema taa ni zangu, nimekiri kugusa gari la kampuni, nipande ndege. Nikinyamaza, kaondoka nazo. Nilinyamaza, nikajiambia huenda ukungu umekwisha msimu huu. Haukuwa umekwisha. Siku chache baadaye ulishuka hadi kwenye maegesho ya Al Qusais, taa za barabarani zikawa madoa. Mke wangu alitoka na begi lake, akazunguka mbele ya gari kuukuu, akasimama kwenye bampa. Alitazama vile vifuniko vyeusi kwa muda. Hakunigombeza. Aliliweka begi la viungo kwenye kiti chake, akaufunga mlango wa gari, akarudi ndani.

"Wapikie mwenyewe," ndilo neno pekee alilosema, na hata hilo alilisema kwa upole.

Nilifika bustanini peke yangu, nikatoka huko moja kwa moja hadi Garhoud. Nilikuwa nimeshaamua. Anifukuze, lakini taa atoe. Nilimkuta maegeshoni, mchana, anafuta kioo cha pikapu yangu kwa kitambaa cha miwani. Nilimsemesha kwa Kiswahili, wala sikusema "sir".

"Hizo taa ni zangu. Nimezifunga mimi na rafiki yangu, kwa mikono yetu. Nifukuze ukitaka, lakini mke wangu hapandi gari lisilo na taa. Nirudishie gari, au nizifungue hapa hapa."

Alinipandisha na kunishusha kwa macho. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyeshiba.

"Weye? Hizi za kiwandani, bwana we. Tazama zilivyokaa. Mtu wa bara atazifunga hivi, wapi? Una wivu, basi sema una wivu."

"Umeshaziwasha?"

Hapo akasita. "Hazina haja ya kuwashwa. Mie siendeshi jangwani."

Nikafungua mlango, nikainama, nikapeleka mkono nyuma ya kishikio cha boneti na kubonyeza. Taa zote mbili zikawaka kwenye jua kali. Nilinyanyuka, nikamtazama usoni, nikangoja. Nilikuwa nangoja anifukuze. Nilikuwa nataka anifukuze, maana angenifukuza angekuwa ameniamini.

Akazunguka mbele, akaziangalia, akapiga makofi mara moja.

"Kumbe zinawaka! Na hawa wa kiwandani nao, kuficha swichi mahali kama pale. Ahsante sana kunionesha." Akapanda, akafunga mlango, akateremsha kioo. "Na hayo maneno mengine, nitafanya sikuyasikia. Leo nimefurahi."

Akaondoka na taa zangu zinawaka, saa ambayo hata vivuli vilikuwa vimejificha chini ya magari. Hakuzizima. Niliziona mpaka kona ya barabara ya uwanja wa ndege.

Ndiyo barabara niliyompitisha mke wangu wiki iliyofuata, akirudi kwa watoto, kwenye lile gari kuukuu, sanduku nyuma palipokaa mbolea. Hakukuwa na ukungu hata wa dawa. Jua lilikuwa limetawala, unaona majengo hadi mwisho wa mji, na mimi niliendesha polepole nikitarajia aniseme hata kidogo. Alishika mkanda kwa mikono miwili, akafumba macho njia nzima.