Siku Nilipomfungia Mzee Ambakisye Ndani ya Gari Lake

Aibu ikikaa na mtu muda mrefu inachoka yenyewe, ndiyo maana leo naweza kuwasimulia bila kuinamisha kichwa, ila msinitazame sana usoni nikifika pale kwenye kioo cha nyuma. Nimechoka, jamani. Ile Jumapili ya Uyole ilinichosha kuliko magunia yote ya vitunguu niliyobeba Ruaha Mbuyuni.

Mimi ni Lukelo, mtoto wa Kalenga, Iringa. Shule niliiacha mapema kwa sababu kila kitu nilitaka kukifungua nione ndani kuna nini, na shule haifunguki (walimu wangu wana maelezo mengine). Nikaenda Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi, nikaenda kwenye vitunguu, nikashuka Usangu kuchunga ng'ombe wa Msukuma mmoja aliyenifundisha kupiga mluzi na kunyamaza, kisha nikapanda Mbeya kwa sababu tu lori lililosimama lilikuwa linaelekea huko. Kila mahali nilianza jambo, na kila mahali niliondoka halijaisha.

Mbeya, pale Uyole, nikampata Tusekile, nikaacha kutazama malori yanayopita. Nilipokwenda kwa baba yake, Mzee Ambakisye, kusema neno langu, mzee hakuuliza ukoo wala hakutaja ng'ombe. Alinipeleka nyuma ya nyumba akafunua turubai.

"Wewe Mhehe," akasema, "nasikia humalizi kitu."

"Wanasema kweli, mzee."

"Basi nimalizie hiki. Siku kitakaponifikisha kanisani, tutaongea habari za binti."

Chini ya turubai kulikuwa na Kobe. Ndivyo Uyole nzima walivyoliita: gari dogo la milango minne, rangi ya maziwa, mgongo wa mviringo, la enzi zile magari yalipokuwa na sura ya mtu unayemfahamu. Mzee alilinunua ujanani, akambeba humo mkewe, sasa marehemu, siku ya harusi. Nilipolikuta kuku walikuwa wanataga siti ya nyuma, na kutu ilikuwa imekula milango chini mpaka unaona nyasi.

Nikafanya kazi, sitanii. Nilikwangua kutu mpaka nikawa napiga chafya nyekundu, nikashusha injini, nikaipandisha, nikaishusha tena (kulikuwa na nati iliyobaki mkononi), nikaziba matundu kwa bodifila, ule udongo wa mafundi wa bodi, nikapiga rangi. Siku injini ilipowaka mzee alisimama mlangoni na kofia mkononi kama mtu aliyesikia sauti ya ndugu. Hapo ningeacha. Mtu mwenye akili timamu angeacha.

Lakini kulikuwa na gari la Kijapani lililopinduka barabarani, mwenyewe akaliuza vipande vipande, na mimi nikienda kuangalia tu huwa siangalii tu. Nikarudi na kufuli za rimoti, mota za kupandisha vioo, siti ya mbele inayolala mpaka nyuma kama kitanda, na kisanduku chenye sauti ya mwanamke wa Kijapani. (Anasema nini sijui mpaka leo, ila ana adabu.) Nikabandika tinti nyeusi ubavuni na nyuma. Halafu, kwa kuwa magari ya kisasa hayana mambo ya kushikashika, nikang'oa vile vijiti vya ndani vya kuvuta juu ukitaka kufungua mlango uliojifunga, nikang'oa vishikio vya kuzungusha vioo, na matundu ya funguo nikayaziba kwa bodifila nikapaka rangi juu, laini kama yai.

Tusekile akapitisha kidole pale palipokuwa na tundu. "Sasa rimoti ikigoma, utaingilia wapi?"

"Haigomi."

"Nimeuliza ikigoma."

Nilikuwa na waya mdomoni.

Hapa lazima niwaeleze habari ya Mama Gwamaka, mke wa kaka yake Tusekile. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mwanamke na baba wa mume wake hawatazamani, hawasemezani, hawakai pamoja. Ni heshima. Siku hizi wengi wameliacha jambo hilo, wanakula meza moja na kutaniana, lakini kwa Mzee Ambakisye lilikuwa hai kama moto wa jikoni. Akitaka kuzunguka nyuma ya nyumba anakohoa kwanza, khu, khu, na Mama Gwamaka anaacha sufuria anaingia ndani. Jina la mzee hakulitamka hata siku moja. Wameishi uani pamoja tangu alipoolewa, wakijuana kwa kikohozi na kwa mapishi. Nilikuwa nakisikia kikohozi kile kila siku, nami nikiwa chini ya gari nikidhani ni kifua.

Basi Jumapili ikafika. Mzee akakaa mbele amevaa suti, Tusekile nyuma na joho la kwaya, Mama Gwamaka na mtoto wake mgongoni wakatangulia kwa miguu kwa njia ya mashambani kama kawaida. Kobe akatembea. Akapanda kile kilima cha kanisa bila kukohoa (Kobe, si mzee), nikalipaki pua ikiangalia uzio wa miti, mgongo ukiangalia kanisa, watu wauone ulivyong'arishwa. Mzee aliposhuka alinigusa bega. Mimi kwenye ibada yote nilisikia lile bega tu.

Mvua ilianza kwenye mahubiri, mvua ya Mbeya isiyoomba ruhusa. Ibada ilipoisha watu wakabanana barazani. Nilimwona mzee akiingia ofisini kwa mchungaji. Kutoka sikumwona, maana wazee wa kanisa walinizunguka wakitaka kuona rimoti, na mimi ukiniuliza juu ya kitu nilichotengeneza sioni tena. Kumbe mzee mguu ulimuuma, akatoka kwa mlango wa upande, akaingia garini (sikuwa nimelifunga), akagundua ile siti inalala, akailaza mpaka mwisho, akasinzia.

Nikamwona Mama Gwamaka pembeni, maji ya bati yanamchuruzikia mtoto.

"Shemeji! Kimbilia kwenye gari!"

Akatazama huku na huku. "Na… mwenyewe?"

"Yuko ofisini na mchungaji."

"Una hakika, shemeji?"

"Hakika kabisa."

Akajifunika kitenge mpaka machoni, akakimbia, akafungua mlango wa nyuma, akaingia. Na ningeishia hapo ningekuwa mtu aliyemsitiri mama na mtoto. Lakini wazee wa kanisa walikuwa bado wananitazama kidole. Nikabonyeza.

Klak! Milango yote minne kwa pamoja. "Aaa!" wakasema wazee. Mwanamke wa Kijapani akasema lake. Na ndipo tukasikia ukelele ndani ya gari.

Nikabonyeza kufungua. Kimya. Nikabonyeza tena, nikaipuliza rimoti, nikaipigapiga kwenye paja. Maji yalikuwa yamepenya chini ya kioo cha mbele, pale pale nilipoficha kisanduku cha kufuli, na Kobe akaanza kulia alamu, akalia mpaka sauti ikawa kama ya mbuzi, akakata. Nikakimbilia mlangoni: tundu la ufunguo, bodifila. Nikapiga kelele, "Shemeji, vuta kijiti!" nikakumbuka kijiti kiko kwenye kopo nyumbani. "Shusha kioo!" Kishikio kiko kwenye kopo hilo hilo.

Watu wakazunguka mbele, kati ya boneti na uzio, maana kioo cha mbele ndicho pekee kilichokuwa hakina tinti. Nami nikachungulia. Siti imelala, na kichwa cha mzee, kofia imemdondoka, kiko nyuma kabisa, karibu na magoti ya mkwe wake. Amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Mama Gwamaka amejifunika kitenge kizima, amejikunja kwenye kona kama anataka kuingia ndani ya mlango. Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa na raha: amechomoa mkono, anakipigapiga kipara cha babu yake, pa, pa, pa, anacheka.

Hakuna aliyecheka nje. Hilo ndilo lililonimaliza.

Kijana mmoja akaokota jiwe. Kutoka chini ya kitabu cha nyimbo sauti ikatoka: "Asiguse mtu vioo vyangu!" Vioo vile havipatikani tena, kila mtu alijua.

"Lukelo," Tusekile akasema, amesimama mvuani na joho lake, "kioo cha nyuma kimeshikwa na nini?"

"Mpira."

"Kata."

Nikakata ule mpira kwa kisu cha jiko la kanisa, huku Tusekile anawapanga wanakwaya pande mbili za buti, wakatandaza vitenge vyao juu na ubavuni mpaka kukawa na kichochoro cha nguo. Nikatoa kioo, nikaambiwa nigeuke nitazame kanisa. Nyuma yangu nikasikia mtoto akilia kwa kuachanishwa na kipara, kisha miguu ya wanawake ikienda pamoja, vitenge vyote vikimzunguka Mama Gwamaka mpaka walipopotea kwenye mahindi.

Mzee hakutoka. Alikaa humo, mvua ikimwingilia, mpaka alipoambiwa mkwe wake amefika nyumbani. Ndipo akatoka kwa kioo hicho hicho, miguu mbele, na suti. Buti nilikuwa nimelipaka nta. Aliteleza kutoka juu mpaka matopeni mbele ya kanisa zima, akakaa pale, akavaa kofia.

"Mzee…" nikaanza.

"Nilikuambia umalize," akasema. "Sikukuambia upitilize."

Akaenda nyumbani kwa miguu.

Kwa aibu Mama Gwamaka alikwenda kwao Tukuyu, akakaa huko mpaka wazee walipokwenda kumrudisha, mimi nikifuata nyuma na jogoo wa kuomba radhi kwapani, siruhusiwi kusema kitu. Jioni tuliporudi nilisimama barabarani pale Uyole. Lori likapunguza mwendo, dereva akanitazama kama ananijua. Nikalitazama likaenda. Kesho yake mzee akaniita nyuma ya nyumba, Kobe akiwa na nailoni mgongoni.

"Lirudishe lilivyokuwa," akasema. "Halafu tutaongea."

Ndugu zangu, kurudisha ni kazi nzito kuliko kutengeneza. Vijiti vilikuwepo kwenye kopo, ila viungo vyake vya ndani nilivikata kwa mbwembwe, na matundu ya funguo nimeyachimbua kwa msumari, kidogo kidogo, kama mtu anayechokonoa jino. Nimekwenda hadi Iringa kutafuta mpira wa kioo cha nyuma, nimelala kwa mama Kalenga, nimerudi. Tusekile hajasema ndiyo na hajasema hapana, ila chai analeta. Na nimeapa: sitafunga wala kufungua mlango wowote, uwe wa nyumba, wa gari au wa banda la kuku, kabla sijakohoa au kupiga hodi.

Juzi nilitaka spana niliyoiacha ndani ya Kobe. Tinti nimeshaibandua, lakini vioo vilikuwa na ukungu wa asubuhi, huoni kitu. Nikagonga.

"Hodi."

"Nani?" Alikuwa humo, amekaa kwenye siti yake ya zamani isiyolala.

"Ni mimi, Lukelo, mzee."

Akakohoa, khu, khu. Kisha nikasikia kile kijiti kikivutwa juu kwa mkono, taratibu, tak.

"Ingia," akasema.