Swichi Kubwa ya Nyumba ya Mwanga

Enzi zetu pale Mwanga, mjini Kigoma, umeme ulikuja kwa zamu, na baba yangu aliijua zamu hiyo kama alivyozijua nyakati za swala. Jenereta za mji zikinyamaza, alipanda juu ya meza na kuunga nyaya kwa kisu cha jikoni, sisi watoto tukiacha gololi zetu kumtazama. Swichi kubwa hakuizima kamwe. Ya nini, ilhali umeme haurudi hadi magharibi?

Ilikuwa miaka ile wakimbizi walipovuka ziwa kwa maboti, nasi tulimpa chumba cha uani Mateso, fundi umeme kutoka Uvira. Mkewe alipotezana naye njiani. Alikula nasi sinia moja, ugali wa muhogo kwa dagaa wa Katonga, kisha akakaa akitazama ziwa. Alasiri moja alimwona baba juu ya meza, akashindwa kuvumilia.

"Papa, umeme haina saa. Funga kwanza swichi kubwa."

"Mateso, nyumba hii nimeijenga mwenyewe. Mgeni hamwonyeshi mwenyeji mlango."

"Sawa, papa. Na kaburi utajichimbia mwenyewe?"

Mama alicheka, baba hakucheka. Punde umeme ukarudi kabla ya zamu yake. Mkono wa baba uling'ang'ania waya, mdomo wazi bila sauti. Mama alikimbia kumshika. Mateso akamsukuma mama kando, akaizima swichi kubwa. Baba akaanguka kama gunia, lakini hai.

Wiki nzima Mateso alifunga nyaya upya, na baba, kwa adabu ya mwanafunzi, akimshikia meza. Kisha Mateso akapata fununu za mkewe, akavuka ziwa kumtafuta. Hakurudi. Chumba cha uani hakikupata mgeni mwingine.

Vijana wa leo humwita fundi hata kubadili balbu, nami huwakemea: mkono usiotumika huifundisha akili uvivu. Lakini niseme kweli. Wazazi wametangulia, wanangu wako mbali, nyumba yote nimebaki nayo peke yangu. Wiki iliyopita nilimwita fundi kwa balbu moja tu. Nilipoleta chai, tayari alikuwa juu ya pikipiki.

"Siku nyingine, mzee wangu."

Enzi zile fundi aliyekuja na bisibisi aliondoka akiwa ndugu. Siku hizi hata jina lake hulijui. Jana nimelegeza balbu nyingine, kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikampigia fundi simu.