Vipuli vya Pembe na Kibaraza cha Kanduyi

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika mara mbili kabla ya saa nne asubuhi. Ilikuwa Januari 2001, mjini Kitale, katika karakana ya mabati nyuma ya kichinjio, ambako pembe za ng'ombe zilichemshwa ndani ya pipa lililokatwa nusu. Anayeijua harufu ya pembe inayochemka hahitaji kuelezwa, na asiyeijua ashukuru. Mwenye karakana alikuwa mzee wa Sirisia. Sote tulimwita Fundi Mkuu, ingawa alikuwa na mafundi wawili tu chini yake. Alinitazama nikijipangusa mdomo kwa leso.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi shika koleo. Hapa siulizi mtu amesoma mpaka wapi. Nauliza tu kama atarudi kesho."

Nilirudi kesho yake na siku zote zilizofuata. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na elimu yangu ilikuwa imeishia darasa la saba, baba yetu alipofariki. Tangu hapo nililima na mama. Mwaka uliotangulia mama naye tulimzika, akatuacha wanne: mimi, ndugu yangu aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza, dada yangu wa darasa la sita, na kitinda mimba wetu wa darasa la tatu.

Baada ya mazishi jamaa waliketi nyumbani kwetu, nje kidogo ya Kitale. Msemaji alikuwa Baba Mdogo, ndugu wa baba, aliyetoka Nyahururu. Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo kwa desturi yetu aliniita maitu, yaani mama yangu.

"Maitu," alisema, "wewe huna bwana na huna kazi. Watoto hawawezi kulelewa na hewa. Huyu mkubwa nitaenda naye. Msichana ataenda Molo kwa shangazi yenu, na huyu mdogo tutamtafutia mahali."

Kitinda mimba alikuwa ameshika ncha ya sweta yangu wakati hayo yakisemwa. Niliomba mwaka mmoja. Baba Mdogo hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mpaka shule zifungwe Desemba. Lakini nikija nikute una kazi inayojulikana. Si kibarua cha leo na kesho."

Maneno hayo, kazi inayojulikana, nilitembea nayo mwaka mzima kama jiwe ndani ya kiatu.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, ninyi vijana mnaopiga picha kipuli na kukiuza kwa simu kabla hakijakauka gundi. Pembe ya ng'ombe ina vitu viwili: ganda la nje, ambalo ndilo mali, na kiini cha mfupa ndani yake. Unaichemsha mpaka kiini kilegee, unaishika kwa koleo, unaigonga kwenye gogo, na kiini kinachomoka. Ganda unaliloweka kwenye maji ya majivu kuondoa mafuta, kisha unalianika juu ya bati majuma mawili. Hapo ndipo unalikata kwa msumeno. Ukitaka kipande bapa, unakipasha moto ndani ya mafuta na kukibana kati ya vyuma viwili kwenye jiliwa, ile ambayo mafundi wengi huiita vaisi. Baada ya hapo ni tupa, msasa mkavu, msasa wa maji, na mwisho kitambaa chenye majivu laini, mpaka pembe ing'ae na uone mishipa ya rangi ndani yake, nyeusi, kahawia na nyingine ya asali.

Fundi Mkuu alitengeneza vifungo vya nguo, vitana na mipini ya visu. Vipande vilivyobaki vilitupwa. Mimi nikaanza kuviokota. Saa ya chakula, wenzangu wakiwa wameenda kula, nilivisugua na kuvitoboa kwa keekee, nikatia kulabu za waya wa shaba ya manjano, na vikawa vipuli. Mafundi walinicheka. "Ati huyu anavalisha uchafu wa sakafu!" Fundi Mkuu alikiinua kipuli kimoja kwenye mwanga, akakigeuza, akakirudisha. Alichosema ni, "Chukua mabaki yote. Lakini ukitaka kuuza, tafuta kabati la duka la mtu mwingine. Mimi ni wa vifungo."

Basi nikaanza kutafuta kabati. Mjini Kitale palikuwa na hoteli yenye duka la zawadi kwa wageni waliokwenda Mlima Elgoni. Meneja wa duka alikuwa kijana mwenye tai, mpole wa maneno. Alipokea jozi kumi, akazipanga kwenye kabati la kioo mbele, nami nikarudi nyumbani nikiimba. Ilikuwa Mei, msimu wa mvua. Jumatatu iliyofuata aliniita.

"Mama, hebu nusa."

Nilinusa. Ndani ya kile kioo kilichofungwa, unyevu ulikuwa umeamsha harufu ya kichinjio.

"Mgeni mmoja aliniuliza kama kuna panya amekufa," akasema. "Si mimi nimekataa, ni pua ya mteja."

Alikuwa na haki. Kwa haraka yangu nilikuwa nimeanika siku nne badala ya majuma mawili. Nilipomwambia Fundi Mkuu, hakunifokea. "Pembe haijui kwamba wewe unangojea Desemba," alisema. Tangu siku hiyo sijawahi kukata pembe isiyokauka. Lakini meneja hakutaka kunisikia tena, na maduka mengine mawili yalikuwa yameshapata habari. Kitale ni mji mdogo kwa habari mbaya.

Agosti, Fundi Mkuu alinituma Bungoma kupeleka vifungo kwa mteja wake wa siku nyingi, mama mmoja mwenye duka la vitenge na cherehani tatu pale Kanduyi. Mama huyu alikuwa amestaafu ualimu mkuu, na watu walimwita Mwalimu tu. "Mwonyeshe na vitu vyako," Fundi Mkuu akaniambia, kisha akaenda kwao Sirisia kwa matanga.

Nilikuwa na siku tano. Nikajiuliza, watu wa Bungoma wanapenda nini? Nikakumbuka kwamba tangu utotoni nilisikia njuga zao zikilia mwezi wa Agosti, watu wakikimbia nyuma ya vijana wakiimba kwa furaha. Nikajiambia, hao wanapenda njuga. Nikachukua mabomba na kufuli kuukuu za karakana, nikayeyusha shaba, nikamimina kwenye kalibu za udongo, na kutengeneza njuga ndogo ndogo. Nilizifunga tatu tatu kwenye bangili za pembe. Zilikuwa nzuri, nami sijawahi kujivunia kitu kama zile bangili ishirini. Laiti Fundi Mkuu angekuwepo angenizuia mlangoni.

Nilifika dukani kwa Mwalimu asubuhi. Nikampa vifungo vyake, akavihesabu. Kisha nikavaa bangili tatu kwenye mkono, nikatoka kibarazani ili azione vizuri kwenye jua, na nikautikisa mkono kwa nguvu.

Fundi cherehani wa kwanza aliacha kushona. Mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi ng'ambo ya barabara alisimama wima. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alishuka, akageuza shingo huku na huku akitafuta sauti inatoka wapi.

"Nani huyo?" akauliza. "Mtoto wa nani anatahiriwa?"

"Ni huyu mama wa Kitale!" fundi cherehani akapiga kelele, na kicheko kikalipuka. "Mzee, anakualika! Ng'ombe wa kumtuza uko naye?"

"Mwaka huu? Ala! Sasa mwaka huu nani anatahiri, bana?" mzee akashangaa.

Watu walikuja. Mwanamke wa ndizi alinizunguka akinipigia makofi. "Dada, na utasimama imara, ama utakimbia kisu?"

Mwalimu alinishika mkono, njuga zikanyamaza. "Binti yangu, vua hizo," alisema polepole. "Hujui? Sisi hutahiri mwaka mmoja na kuruka mmoja. Mwaka jana ilikuwa. Mwaka ujao itakuwa. Mwaka huu njuga imelala. Na ikiamka, anayeipiga ni kijana, akienda kwa wajomba na shangazi kuwaita. Mwanamke hawezi kuivaa kwenda nayo kanisani."

Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo karibu na watu hawa, nikisikia njuga zao, wala sikuwahi kuona kwamba Agosti moja zinalia na Agosti inayofuata kuna kimya. Niliketi kwenye kiti kidogo cha kibarazani. Ilikuwa Agosti, na Desemba niliweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na kikabaki kidole.

Nikafanya jambo pekee nililolijua. Nilitoa koleo kwenye mfuko, nikaanza kung'oa njuga, moja baada ya nyingine. Zilipokwisha, mahali pa waya palibaki pamekwaruzika, kwa hiyo nikatoa msasa na kitambaa, nikamwaga maji kidogo kutoka kwenye chupa yangu, nikaanza kusugua. Watu waliokuja kunicheka hawakuondoka. Mwanamke wa ndizi aliinama.

"Kumbe hii ni nini?"

"Ni pembe ya ng'ombe."

"Pembe!" Akarudi nyuma hatua moja. "Si hayo ni mambo ya waganga?"

Kwenye kikapu nilikuwa na kipande kikavu ambacho hakijasuguliwa, chenye ganda chafu la kijivu, nilichobeba kwa ajili ya mpini. Nikampa akishike. Nikakichukua tena, nikakikata pete mbele yake, nikasugua mpaka rangi ya asali ikatokea. Alikodoa macho.

"Ati huyu ni ng'ombe tu? Huyu huyu tunayekula?"

"Huyu huyu."

"Hebu nijaribu." Akaivaa, akanyoosha mkono, akageukia wenzake. "Mnaonaje? Nafanana na mke wa chifu?"

"Chifu gani atakuoa na mdomo huo!" fundi cherehani akamjibu, lakini na yeye alikuwa ameshashika bangili moja.

Kabla ya saa saba mchana bangili zote zilikuwa zimenunuliwa. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni muda wote kama mwalimu mkuu anayekagua darasa. Nilipokuwa nikifunga kikapu, alisema, "Kitu chako ukikifungia kwenye kioo, watu wa hapa watakiogopa. Wanataka kumwona aliyekifanya. Kuanzia Jumamosi utaketi hapa kibarazani, ufanye kazi watu wakikuona. Kiti ni hicho."

Fundi Mkuu aliporudi kutoka Sirisia nilimweleza yote. Alicheka mpaka akashika jiliwa asianguke. Kisha akazitia zile njuga kwenye chungu cha kuyeyushia. "Shaba haina kosa," alisema. "Tutaifanya kulabu."

Kwa hiyo nikawa na vituo viwili. Siku za juma nilikuwa Kitale, nikichemsha, nikianika na kukata. Jumamosi nilikuwa Kanduyi, nikimalizia mbele za watu. Nilijifunza kubakiza kazi makusudi, kuacha pete ikiwa imekatwa lakini haijang'arishwa, ili mnunuzi aione ikibadilika kwenye vidole vyangu. Wengine walifika na pembe za ng'ombe wao wenyewe. Mama mmoja kutoka Cheptais aliniletea pembe ya ng'ombe wa mahari yake, nikamtengenezea vipuli vyake na vya binti zake.

Shule zikafungwa. Baba Mdogo alifika nyumbani Kitale Jumamosi, nami sikuwepo. Watoto wakamwambia niko kazini, Bungoma. Baadaye walinieleza kwamba alikunja uso na kusema, "Twendeni basi tukaione hiyo kazi." Akawachukua wote watatu.

Sikuwaona wakifika. Nilikuwa nimeinama juu ya mkufu wa mke wa mchungaji, na watu kama kumi wamenizunguka. Ghafla kivuli kikaanguka juu ya mikono yangu. Kabla sijainua kichwa nikasikia sauti ya mwanamke wa ndizi, kali kama kawaida yake.

"Mzee! Wewe mzee wa kofia! Sogea huko, unamzibia fundi mwanga."

Nikainua macho. Mzee wa kofia alikuwa Baba Mdogo. Watoto walikuwa nyuma yake, dada yangu akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Baba Mdogo alitazama kushoto, akatazama kulia, kama aliyetaka kuhakikisha ni nani aliyeitwa fundi. Kisha akasogea. Alisimama kando, ameshika kofia, mpaka nikamaliza mkufu. Ilichukua karibu saa nzima, wala sikuharakisha.

Mwalimu alimletea chai. Sijui walizungumza nini. Nilipokwenda kumwamkia, aliniambia neno moja tu la maana.

"Maitu, hawa watoto wamekua. Wanunulie viatu vya shule kabla sijaondoka, nione kama vinawatosha."

Nilielewa kwamba watoto wanabaki nami. Dada yangu alielewa pia, kwa maana alianza kulia palepale, na kitinda mimba akauliza kwa sauti, "Kwani nani amekufa?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Nilifanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Fundi Mkuu alipozeeka aliniachia jiliwa na pipa. Mwaka juzi daktari alinionya kuhusu vumbi la pembe kifuani, nikaweka tupa chini bila manung'uniko. Vijana huniuliza nilipataje soko. Huwaambia waanike pembe majuma mawili, wajue mwaka wa watu wanaowauzia, na wasione haya kufanya kazi machoni pa wanaowacheka. Zaidi ya hayo sijui mengi.

Ndugu zangu wametawanyika sasa. Mmoja ni mwalimu Sirisia, dada ameolewa Nakuru, na kitinda mimba ni fundi umeme. Kila mmoja aliondoka kwa wakati wake, kwa miguu yake, na begi alilolifunga mwenyewe. Siku yule wa mwisho alipohama nilimsindikiza mpaka barabarani, nikarudi, nikasimama katikati ya nyumba. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Nilidhani nitalia. Badala yake nikavua viatu, nikajilaza kitandani na aproni yangu ya kazi, nikalala usingizi mzito mpaka kesho yake kuku waliponiamsha.