Tabo ya Pikapu ya Mzee Mboje

Mayige Ngeleja hapendi kuitwa injinia. Ukimwita hivyo atakuuliza kama umeleta gari au umeleta maneno, na kama ni maneno, benchi lile pale, kaa umsubiri mwenzako wa kuzungumza naye. Yeye ni fundi. Ufundi wake ni wa dizeli, na kwa miaka ishirini na miwili gereji yake imekuwa palepale mjini Bariadi, kando ya barabara iendayo Lagangabilili: nguzo nne, mabati machache, na sakafu ya udongo ulioshiba oili hata mvua ikinyesha haunywi maji tena.

Kazi alifundishwa na mzee Marcelo, fundi wa mitambo ya kuchambua pamba, marehemu sasa, mtu aliyekuwa mkali kuliko pilipili kichaa. Marcelo alimwachia urithi wa mambo mawili. La kwanza ni sikio la kusikiliza injini kabla ya kushika spana. La pili ni pamba. "Mdomo wa mashine ukiuacha wazi utakula usichoulisha," alikuwa akisema, na kwa hiyo kila bomba lililofunguliwa lilizibwa papo hapo kwa kishungi cha pamba, vumbi lisiingie. Kwingine mafundi huziba kwa matambara au nailoni. Usukumani pamba haina uhaba. Esteria, mke wa Mayige, kila mwisho wa msimu humletea kiroba kizima cha ile iliyookotwa chini, chafu, ambayo mnunuzi haipokei. Ila Marcelo alikuwa na sharti moja: kishungi kiachiwe mkia, urefu wa kidole, uning'inie nje ili macho yaikumbushe mikono. Fundi asiyeacha mkia, alisema, ni sawa na mtu anayezika fedha bila kuweka alama.

Sasa tuje kwenye pikapu.

Mzee Mboje wa Nkoma alikuwa mkulima wa pamba na mfugaji, mtu wa maneno ya kuhesabika, na pikapu yake ya dizeli ilikuwa gari la kijiji bila mtu yeyote kuitangaza hivyo. Ilibeba pamba, mahindi, masufuria ya harusi na wagonjwa. Miaka kumi na moja iliyopita, katika mvua za masika, Esteria alikuwa kwao Nkoma uchungu ulipomshika, wiki tatu kabla ya hesabu ya kliniki. Mayige alikuwa Bariadi, ng'ambo ya mto uliofurika. Alichoweza kufanya ni kusimama mlangoni mwa hospitali na kuitazama barabara kama mtu aliyepigwa na butwaa.

Mzee Mboje alithubutu kuuvuka mto ule, akamleta. Njiani gari lilizimika. Wanaume wakalisukuma kwenye matope karibu saa nzima, na Esteria aliambiwa kwamba maji yameingia kwenye injini. Walifika saa tisa alasiri, mzee akiwa na tope hadi kifuani. Dakika ishirini baadaye akazaliwa Winnie. Muuguzi alimwambia Mayige kwamba wangechelewa kidogo zaidi angewapoteza wote wawili.

Mayige hajaisahau siku ile, na wala hajajaribu kuisahau. Wiki iliyofuata aliifungua injini ile bure, aitoe maji. Hakuona hata tone. Akashangaa, akamshukuru Mungu, akafunga. Alipompelekea mzee mbuzi wa shukrani, mbuzi alirudishwa. Na kila alipojaribu kusema asante kwa mdomo, mzee Mboje alitazama matairi, akauliza Winnie hajambo, akaondoka. Watu wakasema ni unyenyekevu. Jambo jingine walilolisema, kwa kucheka, ni lile dumu. Tangu mwaka ule pikapu haikutoka nyumbani bila dumu la dizeli la lita ishirini, limefungwa kwa kamba nyuma ya kichwa cha gari, hata safari ikiwa ya kwenda gulioni tu. "Mzee Mboje, leo unavuka mpaka wa Kongo?" walimtania. Yeye alikagua fundo la kamba, akaondoa gari.

Alifariki miaka miwili iliyopita. Mjane wake, Nyanjige, akaendelea na pikapu, na pikapu ikaendelea na Mayige.

Mwezi Machi mwaka huu ililetwa ikiwa inatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Mayige aliisikiliza, akajua: ni tabo, ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa kwenye injini. Tabo ya gari lile si ile ya zamani. Ndani yake mna mapezi madogo yanayofunguka na kufunga, mithili ya vibao vya dirisha la shata. Gari likienda polepole mapezi hufunga ili moshi mdogo uliopo upulize kwa nguvu. Likishika kasi hufunguka. Kinachoyavuta ni fimbo nyembamba iliyotokeza kwenye kopo dogo la bati, na fimbo hiyo nayo huvutwa na hewa inayonyonywa kupitia mpira mwembamba kama mrija wa soda. Masizi yakijaa, mapezi yanaganda. Basi Mayige alishusha tabo, akasugua masizi siku mbili, akaziba kila mdomo kwa pamba, akarudisha kila kitu. Mapezi yakawa laini. Akaridhika na nafsi yake, jambo ambalo kwa fundi ni la hatari.

Mwezi Mei mavuno yalianza, pikapu ikapakiwa magunia, na mambo yakaharibika. Kwenye kilima cha kutokea Nkoma ilikuwa inagoma mwanzoni kama ng'ombe aliyeona josho, halafu ghafla inachomoka, taa ya injini inawaka, na kompyuta ya gari inaikata nguvu yote. Nyanjige aliileta. Mayige akaijaribu fimbo: alichukua kipande chake cha mpira cha siku zote, akakichomeka kwenye kopo la fimbo, akanyonya kwa mdomo. Fimbo ikapanda vizuri. Basi, akawaza, tatizo ni kikomo. Kuna skrubu ndogo inayoamua mapezi yafunge hadi wapi. Kiwandani huwekwa na mtu aombaye isiguswe. Mayige aliigusa. Kwanza aliweka alama ya mahali pake kwa rangi ya kucha ya Esteria, nyekundu, kisha akazungusha robo mzunguko. Gari likarudi Nkoma, likarudi Bariadi. Robo nyingine. Likarudi tena.

Mara ya tatu, siku ya Alhamisi, Nyanjige alikuja na Anatoli, mwanawe mkubwa. Anatoli si mtu mbaya. Ni mtu aliyelala kilimani mara mbili na magunia ya watu.

"Kaka Mayige, nakuheshimu," alisema. "Lakini gari lisilopanda kilima ni banda la kuku. Jumamosi mchana anakuja mnunuzi kutoka Nyashimo. Analikata auze spea."

 Nyanjige aliweka kiganja chake juu ya boneti, akakiacha hapo muda mrefu, kisha akamtazama Mayige. "Baba, nakuachia hadi Jumamosi asubuhi."

Mayige alipokea ufunguo. Gari lililomwokolea mke na mtoto likatwe spea, na yeye ndiye fundi wake! Ijumaa hakupokea kazi nyingine. Alizungusha skrubu mbele, akairudisha nyuma, akabadili urefu wa fimbo, akapaka rangi ya kucha hadi chupa ikalia kavu. Ilipofika adhuhuri alikata tamaa, akairudisha skrubu kwenye alama ya kwanza kabisa, akaketi chini. Mganga hajigangi, alijisemea, na mimi sijigangi wala simgangi mtu.

Alipoinuka ajaribu fimbo kwa mara ya mwisho, kile kipande chake cha mpira kilikuwa kimepasuka. Kwa uvivu tu, badala ya kutafuta kingine, aliuchomoa mpira wa gari lenyewe upande wa mbali na kopo, akauweka mdomoni, akanyonya.

Mashavu yalibonyea. Hewa ilikuja kwa shida, taratibu, kama ya mtu anayepumua kupitia shuka. Fimbo ilipanda, lakini polepole mno, na alipoachia ilishuka polepole vilevile. Mayige alibaki ameduwaa, mpira mdomoni. Ndiyo maana gari liligoma mwanzoni: mapezi yalichelewa kufunga. Na ndiyo maana lilichomoka hovyo: yalichelewa kufunguka. Aliuchukua mpira wote, akaupuliza kwa kompresa. Kikatoka kishungi cheusi cha oili, kidogo kama punje ya choroko.

Pamba.

Hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Kwa kuwa mpira ni mwembamba, mwezi Machi kishungi kilikuwa kidogo, na mkia hakuuacha. Aliona ni upuuzi kuacha mkia kwenye kitu kidogo namna ile. Mzee Marcelo angekuwa hai angemchapa mbele ya wateja. Shukrani ya punda ni mateke, na punda mwenyewe alikuwa yeye: gari la mzee Mboje lilimletea Winnie, naye akalikaba koo.

Alirudisha mpira, akawasha. Fimbo iliruka juu kama askari aliyeitwa jina.

Jumamosi asubuhi Nyanjige na Anatoli walifika mapema.

"Mwangaluka, mayo," Mayige alimwamkia Nyanjige kwa Kisukuma, kama mtoto kwa mama yake.

"Mwangaluka, baba. Niambie."

Mayige alimkabidhi Anatoli ufunguo. Nyuma alikuwa ameshapakia viroba vya mchanga, vingi kuliko magunia ya pamba yaliyowahi kupanda humo. Anatoli aliondoka, akapanda mwinuko wa nje ya mji na kurudi, na aliporudi alikuwa anacheka peke yake kama mtoto aliyeokota shilingi. Alimkumbatia Mayige, oili na yote.

"Fundi ni wewe! Wengine wote wanabahatisha tu. Mama, haliuzwi. Nampigia mnunuzi sasa hivi."

Hapo pangetosha. Mayige alikuwa na nafasi nzuri ya kunyamaza, na hakuna ambaye angejua hadi Kiyama. Simu ilikuwa tayari sikioni mwa Anatoli. Lakini kile kishungi kilikuwa mfukoni mwake tangu jana, na alikuwa amekigusa mara nyingi hata kidole kikabaki na weusi.

"Ngoja kwanza," alisema. Akakitoa, akakiweka kwenye kiganja cha Nyanjige. "Mayo, hiki ndicho kilichokuwa kinalisumbua gari. Ni pamba yangu. Niliisahau humo mwezi Machi kwa mikono yangu hii. Hakukuwa na ugonjwa mwingine. Mmelala kilimani kwa ajili yangu."

Anatoli alishusha simu. Uso ulimgeuka. "Kwa hiyo miezi yote hii... Na wewe ukawa unazungusha skrubu? Sasa mtu atakuaminije tena?"

"Una haki," Mayige alisema.

Nyanjige alikigeuzageuza kile kishungi. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtoa machozi, hata wanaume wawili wakatazamana.

"Mboje," alisema, akiiambia pikapu. "Umemwona mwenzako?" Akajifuta macho kwa pembe ya khanga. "Mayige, siku ile ya mkeo, nani alikwambia maji yaliingia kwenye injini?"

"Esteria aliambiwa. Mzee alimwambia."

"Uliyaona hayo maji?"

"Hapana, mayo. Sikuona hata tone."

"Hayakuwapo. Gari liliishiwa dizeli. Alipita Lagangabilili asubuhi, kabla hajaitwa kumbeba mkeo, pesa anazo mfukoni, akasema atajaza kesho. Mkeo analia kule nyuma, na yeye anasukuma gari lenye tangi tupu, hadi mtu wa trekta alipomgawia. Alikuja nyumbani akaniambia, 'Mama Anatoli, nimetaka kuua watu wawili kwa uzembe, na baba yao ananiletea mbuzi.'" Akakifumba kile kishungi kiganjani. "Miaka tisa alitaka kukwambia. Kila ukimshukuru, ulimi unamganda. Wewe umekaa na lako kwa siku moja tu."

Anatoli, ambaye naye alikuwa hajawahi kulisikia hilo, aliirudisha simu mfukoni, akaitoa tena, akatembea pembeni kumpigia mnunuzi asije.

Mayige alisimama akiitazama pikapu. Angeweza kukasirika, na baadaye Esteria alimuuliza kama alikasirika. Hapana. Alimwona mzee yule kwenye tope, bega kwenye chuma, anasukuma kwa hofu ya kosa lake mwenyewe, hataki mtu afe, hataki, hadi akafika. Hakupata kumpenda mzee Mboje alipokuwa hai kama alivyompenda asubuhi ile. Alishukuru kwamba alifika. Alishukuru kwamba aliogopa.

"Wabeja, mayo," alimshukuru kwa lugha yao.

"Wabeja nawe, baba. Winnie hajambo?"

"Hajambo."

Mayige akazunguka nyuma ya kichwa cha gari. Dumu lilikuwa palepale, limefungwa kwa ile kamba ya katani, vumbi limeganda kwenye fundo. Mayige aliliinamia, akalishika mkono na kulitikisa.

Mzee hayupo miaka miwili, na bado lilikuwa limejaa hadi shingoni.